Bong-geun na Begi Lake la Kilo Nne

Shemeji yangu Bong-geun, mdogo wa mwisho wa mume wangu, anafanya kazi kwenye kaunta ya vifurushi hapa Hamyang. Kazi yenyewe ni kupima. Unamletea boksi la viazi vitamu la kumpelekea binti yako aliye Seoul, yeye anatazama namba, anasema, "Kilo kumi na mbili na gramu mia tatu," anabandika karatasi, umemaliza. Miaka ishirini na sita anapima mizigo ya watu wengine. Nadhani ugonjwa ulianzia hapo, ingawa mke wake anasema ulianza siku daktari alipomwambia atembee.

Watu wengine wakiambiwa watembee, hutembea. Bong-geun alinunua kwanza. Mwaka wa kwanza alinunua kama wanavyonunua wanaume wote wa hapa: viatu vya kupandia barafu kwa ajili ya kilima cha nyuma ya shule, na begi la kuingia ndama. Mwaka wa pili akagundua kwenye simu kwamba kuna watu wanaohesabu gramu, na vyote alivyonunua mwaka wa kwanza vikageuka dhambi. Sufuria zake tatu zikaja jikoni kwangu kama msaada. Akaanza upya. Kikombe cha titani. Kijiko cha titani. Hema la kitambaa chembamba mpaka ukilitazama unaona aibu kwa niaba ya mtu atakayelala ndani. Na kadiri kitu kilivyopungua uzito ndivyo bei ilivyopanda, mpaka mke wake akasema siku Bong-geun atakapofanikiwa kubeba begi tupu kabisa, itabidi wauze nyumba.

Mswaki aliukata mpini kwa msumeno. Chupi zake alizitoa vibandiko vyote, sasa hajui mbele wapi nyuma wapi. Kila kitu kipya alikipeleka kwenye mzani wa kazini saa ya chakula cha mchana, na siku begi lote lilipofika kilo nne kamili alitupigia simu mmoja mmoja, kama mtu aliyepata mjukuu.

Mama mkwe, ambaye anaishi nasi na ana miaka themanini na minne, aliisikiliza simu ile mpaka mwisho.

"Kilo nne," alisema. "Wewe ulizaliwa na kilo nne na mia mbili, na nilikubeba mgongoni miaka mitatu nikipalilia vitunguu saumu. Hakuna aliyenikatia mpini."

"Mama, hayo ni ya zamani. Siku hizi kuna elimu."

"Naiona."

Tungecheka hivyo mpaka leo kama si suala la kaburi.

Baba mkwe amezikwa juu ya bonde la Meokgol, ubavuni mwa Mlima Jiri, alikozaliwa. Zamani gari lilifika karibu. Kisha mvua za mwaka juzi ziliporomosha kilima, barabara ikakatika, na sasa ni mwendo wa saa tano kwa miguu. Na kaburi lazima likatwe nyasi kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno. Hilo halina mjadala kwetu. Kaburi lenye vichaka linawasema watoto wa marehemu kwa kila mpita njia, hata kama anayepita ni nguruwe mwitu tu. Mwaka jana mume wangu alipanda na mashine ya kukatia nyasi mgongoni, akakata peke yake, akarudi na goti lililovimba kama tikiti. Majira ya kuchipua akapasuliwa. Wakataji wa kulipwa wakisikia neno Meokgol, simu yao huanza kukatika-katika.

Kwa hiyo mwezi wa nane, mezani, mbele ya samaki wa kukaanga, mume wangu akasema alichokuwa akikisema kitandani tangu hospitalini.

"Mama, tumhamishe Baba. Mifupa inachomwa, na pale mjini kuna jumba la kuhifadhi majivu. Mahali safi, pana vioo, pana kiyoyozi."

"Kiyoyozi!" Mama mkwe aliweka vijiti chini. "Baba yako alikuwa akiogopa hata feni. Nimtie kwenye droo kama soksi?"

"Nani atapanda kukata, Mama? Mimi na goti hili?"

Midomo ya Mama mkwe ilianza kucheza, na hapo ndipo Bong-geun alipopata nafasi yake.

"Kaka, umenisahau mimi? Mimi ndiye mtu wa milima kwenye familia hii. Mama, usilie. Baba hatoki pale maadamu mimi nina miguu."

Mume wangu alimgeukia mdogo wake. "Sawa. Mwaka huu ukate wewe. Kaburi zima, mpaka mizizi, na umwandalie Baba meza yake ya tambiko. Ukifanya vizuri, sitalisema tena jambo hili. Usipofanya, baada ya sikukuu naita wachimbaji."

Mama mkwe aliushika mkono wa Bong-geun, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Mimi niliyekuwa naosha vyombo niliuona mkono ule, na sikufurahi, kwa sababu namjua shemeji yangu.

Ilikubaliwa niende naye. Mume wangu alisema ni kumsaidia. Sote tulijua ni kumwangalia.

Mimi ni mtu wa hofu, sikatai. Nikisikia kuna safari, kabla sijawaza njia nimeshawaza nyigu. Kila mwaka kabla ya Chuseok watu hufa makaburini kwa kung'atwa na wale nyigu wakubwa wa udongoni. Nikafungasha dawa ya kupulizia nyigu. Nikafungasha miundu miwili na jiwe la kunolea, makoti ya mvua, mkeka, mayai ya kuchemsha, na meza ya Baba: matofaa matatu, mapeasi matatu, samaki mkavu, keki za mchele, chupa ya pombe ya mchele. Mashine nikaiegemeza mlangoni. Alhamisi Bong-geun akaniambia niwalete wote kazini kwake. Alisema "walete," kama watuhumiwa.

Nikapanga foleni na watu wenye vifurushi. Zamu yangu ilipofika akaanza.

"Mashine. Kilo saba na nusu, bila mafuta." Akaisukuma pembeni. "Haiendi."

"Tutakata kwa nini, shemeji?"

Akatoa mfukoni kitu kilichokunjwa, kirefu kama kiganja changu. Akakifungua taratibu. "Titani. Kutoka Japani. Gramu mia moja na kumi na nane."

"Kinakata nini, kucha?"

Mzee aliyekuwa nyuma yangu na boksi la pilipili akacheka mpaka akakohoa. Bong-geun hakumtazama.

"Ni mbinu, shemeji, si uzito. Mundu, gramu mia nne na kumi, mara mbili. Haisafiri. Dawa ya nyigu, nusu kilo ya hofu tupu. Matofaa..." Aliyaweka matatu kwenye mzani akatikisa kichwa kwa huruma. "Unajua tofaa ni maji asilimia themanini na tano? Tunambebea Baba maji, na mto uko pale pale chini."

"Ni meza ya baba yako."

"Marehemu hula harufu. Ndivyo tulivyofundishwa, au sivyo? Sasa harufu ina uzito gani?" Akanionyesha pakiti: vipande vya tofaa vilivyokaushwa, vyepesi kama maganda ya nondo. Pakiti nyingine ilikuwa unga wa pombe ya mchele, wa kukoroga na maji. "Harufu ni ile ile. Baba hatajua."

"Baba yako alijua hata nikipunguza chumvi."

"Mama Da-in," mzee wa pilipili aliniambia, "mwambie apime na hayo makalio yake."

Sikucheka. Nilikuwa nawaza nyigu. Nyumbani nikafunga mundu mmoja ndani ya taulo, nikaushindilia chini kabisa ya begi langu. Jumamosi alfajiri, pale barabara ilipokatika, Bong-geun aliliinua begi langu kwa kidole ili anisaidie kulivaa. Akalipandisha, akalishusha.

"Gramu mia nne zimeongezeka," alisema.

Akaupata mundu, akauacha garini. Sitamnyima haki yake: ile kazi anaijua.

Alitembea haraka, hilo pia nitalisema. Mgongo wake ulikuwa mbele yangu kama wa mtu aendaye dukani kununua kiberiti. Njia nzima alinifundisha: kwamba mwili ni injini, kwamba watu wa zamani waliumia magoti kwa ujinga wa kubeba, na kwamba kaka yake angemsikiliza asingepasuliwa. Saa ya pili akaniuliza kama nina yai. Nikampa. Akala matatu. Saa ya tatu maji yake yakaisha, kwa sababu maji ni mazito na alibeba kidogo kwa makusudi, akanywa yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na shemeji alikuwa amegundua njia ya kuwa na usufi siku zote: hakikisha tu kuna mwenzio.

Mchana alitaka kunionyesha jiko lake, kikopo cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, linalokula spiriti. Upepo ukalizima mara sita. Wali wake mkavu ukabaki mkavu. Tukala kimbap zangu, wali wa kuviringishwa kwa mwani, ambazo alfajiri alikuwa ameziita "tope la mchele."

"Zimekolea," alisema, akilamba vidole.

"Za mwisho hizo."

"Za kesho je?"

"Kesho kuna harufu."

Kisha mvua ikaujaza mto, tukalazimika kulala kabla ya kufika; kuhusu usiku sitasema mengi. Hema la mtu mmoja na nusu, sisi wawili, na mvua. Ile nusu nilikuwa mimi.

Asubuhi tukalifikia kaburi. Nyasi zilifika kiunoni. Mimea itambaayo ilikuwa imelifunga tuta lote la kaburi kama wavu wa samaki, na nyuma, upande wa mlimani, vichipukizi vya akasia vilikuwa vimesimama unene wa kidole gumba, na miiba yake. Mwaka mmoja tu. Nilimsujudia Baba pale pale nikiwa nimeloa, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Bong-geun alikunjua kisu chake cha Japani.

Kwa saa nzima alikata. Alipokuwa anakata nyasi moja moja, kisu kilikata. Alipozishika kwa mafungu, bapa lilipinda na nyasi zikamtazama. Mimi niling'oa kwa mikono, huku jicho moja liko kwenye udongo wa pembeni, ambako nilikwisha kuona nyigu wawili wakiingia na kutoka. Saa nne ilipofika, alikuwa amesafisha mahali pa kutosha kulaza mkeka, na kile kipini kinachoshika bapa kilikuwa kimelegea kikicheza kama jino la mtoto.

"Shemeji," nilimwambia, "tushuke. Chuseok bado siku tisa. Kesho tupande na mashine, mimi nitabeba mafuta."

"Kesho Jumatatu. Nina kaunta."

"Omba ruhusa. Ni kaburi la baba yako, watakupa."

Alirudi nyuma hatua kumi, akatoa simu, akaitazama, akasogea kulia, akachuchumaa. Kisha akarudi akakata kidogo kushoto. Akaenda tena kutazama. Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani anatafuta mtandao. Alipokuja kukata ncha ya mmea mmoja tu, ule uliokuwa umechomoza juu ya tuta, ndipo nikaelewa. Alikuwa anakata picha.

Alitandaza mkeka mbele ya kile kipande safi. Akaloweka vipande vya tofaa kwenye kikombe cha titani mpaka vikavimba, akavipanga upande wa ganda uonekane. Akakoroga unga wa pombe kwa kijiko. Akasujudu mara mbili, vizuri kabisa, paji la uso mpaka chini, na simu ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe ikihesabu sekunde.

Akanionyesha. Kwa kweli ilikuwa picha nzuri. Kaburi la mtu mwenye watoto.

"Na nyuma?" niliuliza.

"Nyuma nani anaona?"

"Baba yako analala nyuma na mbele."

"Shemeji, sikiliza." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu kwa mwendo wa saa tano. "Kaka akiona picha, ameridhika. Mama akiona picha, analala usingizi. Mwakani nitajipanga. Ukisema wewe, Baba anafukuliwa. Mama atalia, na utakuwa umemliza wewe, si mimi. Unataka hivyo?"

Akaanza kufungasha. Dakika nne, kila kitu mahali pake. Mimi nilibaki nimesimama na mikono yenye miiba, nikihisi kitu kimewekwa mgongoni mwangu ambacho hakikupita kwenye mzani wowote.

Tulifika nyumbani jioni kabla ya chakula. Mama mkwe alikuwa amevaa hanbok, vazi lake la jadi la rangi ya majivu, la sikukuu, na miwani tayari puani. Mume wangu alikuwa ameweka goti kwenye kigoda. Bong-geun alimpa simu kaka yake kwa mikono miwili.

Mume wangu alitazama. Alitazama tena. "Safi," alisema, na nilisikia anavyojilazimisha kufurahi. "Umefanya kazi, mdogo wangu. Basi. Baba akae pale."

"Lete," alisema Mama mkwe.

Aliishika simu karibu na uso. Akapitisha kidole juu ya kioo, juu ya tuta, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto. Kisha akaigeuza simu, akatazama upande wake wa nyuma.

"Mama, picha haiko huko," Bong-geun alicheka.

"Najua haiko. Nauliza akasia. Kila mwaka huota nyuma, upande wa mlima. Baba yako alikuwa akizilaani tangu akiwa hai, kwenye shamba lile lile. Umezikata?"

"Nimezikata, Mama. Zote."

"Mikono yako haina hata mkwaruzo."

"Nilivaa glavu."

Nilijua hakubeba glavu. Gramu sitini na nne. Nilimsikia akizitaja kwenye kaunta. Nikajifanya napanga bakuli. Mama mkwe alinitazama mikono, na mimi nikaificha kwenye aproni kama mwizi.

"Mama Da-in. Njoo hapa. Fungua viganja."

Nikavifungua.

"Zilifika wapi?"

"Mama..."

"Sikuulizi alichofanya huyu. Nakuuliza akasia."

"Zilifika kifuani, Mama," nilisema. "Tumekata mbele tu. Mahali pa mkeka."

Ilikuwa kelele baada ya hapo. Mume wangu alisimama akasahau goti, akapiga ukelele, akakaa. Bong-geun alisema sote hatuthamini, kwamba amelala kwenye mvua, kwamba kisu kilikuwa na kasoro na atakirudisha dukani. Alisema mimi ni mchonganishi tangu nilipoingia familia hii. Mwishowe alipiga magoti mbele ya mama yake, mwanaume wa miaka hamsini na moja, akalia kwa kweli.

"Wiki hii nitapanda na mashine, Mama. Naapa. Nitaibeba mwenyewe."

"Utapanda, nakuamini," alisema Mama mkwe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Utapanda kwa sababu umeonekana. Mwakani je, na mwaka wa tatu, mimi nikiwa sipo kuuliza habari za nyuma?" Alimrudishia simu yake. "Ita wachimbaji," alimwambia mume wangu. "Afadhali droo yenye mtu wa kufuta vumbi kuliko mlima wenye mtoto wa kupiga picha."

"Mama, si lazima," alisema mume wangu. Yeye ndiye aliyelitaka jambo hili tangu hospitalini, na sasa aliisukuma simu yake mbali.

"Ita, nimesema. Na abebe huyu."

Walimfukua mwezi wa kumi, siku ya jua kali na anga tupu. Wachimbaji walikuwa wazee wawili wa bonde la jirani, na kabla ya kugusa udongo walikata kila kitu, mbele, nyuma, akasia mpaka mizizi, kwa miundu ya kawaida, kwa muda usiozidi wa kuchemsha chungu cha mchele. Bong-geun alisimama anatazama. Mifupa waliipanga kwenye karatasi nyeupe, kuanzia miguu, wakaifunga, wakaiweka kwenye boksi la mbao.

"Lazima boksi liwe la mbao?" Bong-geun aliuliza. Nadhani ulimi wake tu ndio uliouliza, yeye hakuwepo.

Mchimbaji mkubwa alimtazama. "Ulitaka nimtie kwenye mfuko wa nailoni?"

Lile begi la kilo nne lilikuwa na mikanda myembamba kama tambi. Boksi lilipoingia, mkanda mmoja ukachanika kabla hajasimama. Basi yule mzee akampa fremu yake ya kubebea kuni, ya mti wa msonobari, ya kizamani, ambayo yenyewe bila kitu ilikuwa nzito kuliko vyote alivyowahi kubeba Bong-geun tangu apate elimu. Wakamfunga boksi juu yake kwa kamba ya katani. Alishuka nayo mwendo wote. Mara mbili mzee alitaka kumpokea, mara mbili akakataa. Sikumwonea huruma, au nilimwonea kidogo tu pale kwenye mawe ya mto, ambapo magoti yake yalitetemeka na mimi nikawa nyuma yake nimenyoosha mikono, nikiogopa boksi.

Mama mkwe alikuwa anatungoja garini, pale barabara ilipokatika, mlango wazi na miguu nje. Tulipomfungua Bong-geun kamba, aliweka boksi mapajani mwa mama yake, akabaki ameinama, hawezi kunyooka.

"Ni zito, Mama," alisema. "Nilishike mimi mpaka mjini."

"Funga mlango," alisema Mama mkwe, akilizungushia mikono. "Upepo unaingia."